Maneno 300 Kuhusu Nyumba ya Watu

Kazi ilikuja kwa WhatsApp, kama kazi zangu zote. Mtu aliyepewa namba yangu na mtu mwingine alikuwa anatengeneza nyumba ya kale Lamu, mtaa wa Mkomani, aifanye nyumba ya wageni. Alitaka maneno 300 ya kuweka kwenye tovuti: historia ya nyumba, fupi, tamu, imfanye mtu aliyeko baridini atamani kuja. Nusu ya malipo kwanza, nusu baadaye. Mwisho wa ujumbe akaongeza: usisahau kwamba ilijengwa na sultani, na useme kidogo kuhusu harem.

Nikajibu sawa. Mtu aliyeacha chuo mwaka wa 2 kwa sababu ya karo, na kwa sababu nyingine ambazo mama yangu hapendi ziandikwe, hachagui sana kazi. Tena Lamu kwangu si ugenini. Nimezaliwa Mombasa lakini bibi mzaa mama yuko Mkomani mpaka leo, kwenye nyumba ya mawe iliyo vichochoro viwili kutoka kwa hiyo ya kazi yangu. Nilijua nitalala bure, nitakula bure, na nitapata cha kuandika.

Nisichojua ni kwamba mjomba wangu naye alikuwa na mpango. Alikuwa amepata mtu wa kuikodi nyumba ya bibi kwa miaka 20. Huyo mtu angeitengeneza kwa pesa zake, angeweka wageni, na baada ya miaka 20 angeirudisha. Ndugu wote walikuwa wamekubali, wa Mombasa, wa Maskati na wa London. Aliyebaki ni bibi. Na mjomba, aliposikia nakwenda Lamu kuandika mambo ya nyumba za kale, akanipigia: "Wewe ndiye msomi wetu. Mueleze bibi yako aelewe."

Mimi msomi. Haya.

Tuanze na ile nyumba ya kazi, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuiona ya kwetu.

Kwa nje nyumba ya Lamu haina la kukuambia. Ukuta mrefu, dirisha moja dogo juu, basi. Ukiwa umezoea nyumba za bara zinazotazama barabara kwa madirisha yote, utadhani hii imekununia. Mapambo yote ya nje yako kwenye daka, pale mlangoni penye baraza mbili za mawe ambapo mwanamume hukaa na wanaume wenzake. Ukipita mlango unaingia tekani, na tekani imepindishwa makusudi ili mtu aliyeko njiani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Halafu unatokea kiwanda. Msomaji wa bara, usicheke: Lamu kiwanda ni ua ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa. Upande mmoja wa kiwanda kuna msana wa tini, nyuma yake msana wa yuu, nyuma yake ndani. Kila chumba kimeinuka kidogo kuliko cha mbele yake, kwa hivyo unapokwenda nyuma ya nyumba unapanda, na mwanga unapungua. Kwingi nyumba zimeelekezwa kaskazini, kwa sababu ukiwa Lamu kibla kiko kaskazini.

Siku ya kwanza nilimkuta fundi amekaa kwenye jukwaa la miti anabandua saruji. Si kujenga, kubandua. Alikuwa na wiki nzima anaondoa plasta ya saruji ambayo mwenye nyumba wa zamani aliipaka, nadhani akiamini anaiokoa nyumba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kuandika?"

"Mimi."

"Andika kwamba saruji haipumui."

Nikaandika. Akanieleza, na baadaye nikaenda kusoma nikakuta ni kweli tupu. Ukuta wa nyumba hizi una unene wa karibu nusu mita, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ndani yake mna chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini, hutoka kwenye ukuta kidogo kidogo kupitia chokaa, na chumvi hutoka nayo. Ukiziba kwa saruji maji yanakosa njia. Yanakaa ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, halafu siku moja kipande chote kinaanguka pamoja na uso wa jiwe. Na kama mtu ametia nondo ili aongeze nguvu, chumvi ileile inakula chuma, chuma kinavimba, ukuta unapasuka. Nyumba iliyosimama miaka 200 inaweza kuharibiwa na ukarabati wa miaka 20.

Mawe yenyewe ni ya aina mbili. Ya ukuta ni mawe ya nchi kavu, matumbawe yaliyokufa zamani yakawa mwamba. Mpaka leo hukatwa kisiwa cha pili, Maweni, Manda, na wachongaji wengi huko ni watu waliotoka bara, magharibi ya Kenya, wakaja na nyundo. Aina ya pili ni matumbawe yaliyokatwa yakiwa hai baharini. Hayo yakiwa mabichi ni laini, unayachonga kama mhogo, yakikaa hewani yanakuwa magumu. Ndiyo yaliyotumika penye nakshi. Leo hakuna fundi wa maana atakayekwenda kuvunja mwamba hai. Wanatumia mawe ya nyumba zilizoanguka, au wanachonga nakshi kwenye chokaa yenyewe ikiwa haijakauka.

Chokaa nayo ni matumbawe, yamechomwa. Zamani magogo yalipangwa kwa duara, mawe yakawekwa juu, moto ukawashwa ukaachwa uwake. Likibaki rundo jeupe, liliachwa likae miezi linyweshwe na mvua na umande. Fundi anasema chokaa ya mifuko ni kama maziwa ya unga: ni maziwa, lakini unajua. Kuhusu dari, kuna boriti za mikoko zilizolazwa karibu karibu, juu yake vipande bapa vya jiwe, juu yake chokaa na kokoto ikapigwa kwa vijiti siku kadhaa mpaka ishikane. Hiyo ndiyo sakafu. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, na kwa Waarabu ni dari. Sisi tukaligeuza likawa chini ya miguu. Nafikiri ni kwa sababu kwenye nyumba za ghorofa dari ya mmoja ndiyo sakafu ya mwingine.

Na boriti ndiyo inayoamua kila kitu. Wakataji wa mikoko wana majina ya unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti haina urefu wa kuziba zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo chumba cha Lamu hakizidi upana huo, hata mwenyewe awe tajiri vipi. Utajiri ulionekana kwa urefu wa chumba, si kwa upana. Boriti hizo zilikuwa pia mali ya kuuza. Majahazi yalizipakia kwenda Arabuni na Ghuba, ambako hakuna miti ya kujengea, na nyumba za kale za huko zina vyumba vyembamba kama vyetu kwa sababu ni mti uleule. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje, na mwaka 2018 ikaja marufuku ya kukata miti nchi nzima. Fundi ananionyesha boriti tatu zilizooza na kuniambia ile marufuku ya mwisho ilimfanya akae nyumbani miezi. Simlaumu kwa kulalamika, wala siilaumu mikoko kwa kutaka kuishi.

Sasa lile la sultani. Lamu haikuwa na sultani. Sultani alikuwa Pate, na Lamu ilitumia muda mwingi kugombana naye. Mji uliendeshwa na wazee wa baraza, Yumbe, waliotoka kwenye makundi mawili makubwa ya mji. Karne ya 18 ndiyo ilikuwa neema yao: nyumba nyingi tunazozisifu leo ni za wakati ule, au zimesimama juu ya misingi ya wakati ule. Karibu mwaka 1812 Pate na Wamazrui wa Mombasa walikuja kuipiga Lamu wakashindwa pale Shela. Lamu, kwa hofu ya kisasi, ikamwita sultani wa Omani, ngome ikakamilika karibu mwaka 1821, na mji ukapata usalama ukapoteza kujitawala. Kwa hiyo nyumba ya mteja wangu, kama ni ya wakati fundi anaoukisia kwa nakshi, ilijengwa na mfanyabiashara. Muungwana mwenye jahazi, au sehemu ya jahazi.

Ilijengwa na mfanyabiashara, nimesema. Hiyo sentensi nayo ni ya tovuti. Mfanyabiashara hakubeba jiwe. Walioyavunja mawe, walioyavusha kutoka Manda, walioyatwika mpaka Mkomani, waliokata kuni za kuchomea chokaa, wengi wao walikuwa watumwa. Watumwa ndio waliolima mashamba ya bara yaliyolisha mji. Kwenye nyumba za ghorofa mara nyingi wao walilala chini pamoja na mizigo na wenye nyumba juu. Ile ghorofa ya chini ndiyo sasa itakuwa mapokezi na chumba cha kukandwa mgongo. Nilimuuliza mteja kama naweza kuliandika hilo. Alinijibu kwa adabu kwamba wageni wako likizo.

Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Wakati huo reli ilikuwa imeshaipa Mombasa biashara yote. Treni ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na meli kubwa hazikuwa na haja tena na visiwa vya kaskazini. Mashamba ya bara yakarudi msitu. Wenye nyumba wakabaki na nyumba kubwa bila watu wa kuzihudumia, na nyumba ya chokaa inataka kuhudumiwa kila mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua. Wengine wakahamia Mombasa. Kwetu walihama wanaume, wanawake wakabaki.

Huku kwetu gofu si jambo la kushangaza. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, unayatazama majumba ya Pate yaliyokwisha kuanguka na kumwonya mtu asijidanganye na dunia. Watoto wa madrasa Lamu wanalijua hilo kabla hawajajua UNESCO ni nini. Kwa hiyo wazo kwamba nyumba ikianguka lazima iinuliwe, iandikwe kwenye orodha, ipigwe picha, limekuja baadaye, na lilikuja na watu.

Watu hao baadhi yao walikuwa na mapenzi ya kweli. James de Vere Allen aliishughulikia makumbusho ya Lamu na akaandika kuhusu nyumba za Waswahili na maana ya vyumba vyake. Usam Ghaidan, msanifu majengo kutoka Iraki, aliupima mji na kuchapisha kitabu chake mwaka 1975. Francesco Siravo na Ann Pulver wakafuata na mpango wa kuuhifadhi mji, uliochapishwa mwaka 1986, mwaka ambao Lamu ilitangazwa rasmi eneo la kuhifadhiwa. Ngome, iliyokuwa jela mpaka mwaka 1984, ikakabidhiwa Makumbusho ya Kitaifa. Mwaka 2001 UNESCO ikauandika Mji wa Kale kwenye Urithi wa Dunia. Hekta kama 16 tu, unaweza kuzizunguka kabla chai haijapoa. Hivi vitabu nilivisoma kwa kuomba. Mtu asiye na kitambulisho cha chuo huwa anajieleza sana kwenye meza za maktaba.

Na wakati wasomi wanapima, wageni walikuwa wameshafika. Peponi ilifunguliwa Shela mwaka 1967. Miaka ya 1970 walikuja vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu na mikoba, wakalala juu ya dari za watu kwa pesa kidogo. Bibi anawakumbuka. "Walikuwa na adabu," anasema, "lakini hawakuwa na nguo." Baadaye wakaja wenye pesa, wakanunua. Kwanza Lamu mjini, halafu Shela, ambako magofu yalikuwa mengi na bahari iko mlangoni. Katiba ya 2010 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya kwa kukodi miaka 99, lakini miaka 99 kwa nyumba ya urithi ni vitukuu vya vitukuu.

Nisijifanye siwaelewi waliouza. Nyumba ya Lamu huingia mirathi, na mirathi hugawanya. Baba mmoja ana watoto 7, kila mtoto ana wake, baada ya vizazi viwili kuna warithi 30 wa dari moja inayovuja, na hakuna hata mmoja ambaye fungu lake linatosha kununua boriti. Mnunuzi mmoja mwenye pesa taslimu anaweza kumaliza ugomvi wa miaka 15 kwa mchana mmoja. Halafu zile pesa zinagawanywa, mtu anapata za kununua pikipiki Mombasa, na jina la familia linabaki kwenye tovuti: Nyumba ya fulani, vyumba 5, upepo wa bahari.

Kazi pia zilikuja, lazima niseme. Ufundi wa chokaa, kuchonga milango, kuchonga zidaka ungekuwa umekufa kama si nyumba za wageni. Fundi huyu alijifunzia kwenye ukarabati wa watu wa nje na sasa ana vijana 4 chini yake. Lakini ni ufundi unaotegemea uwanja wa ndege. Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia hoteli Kiwayu, wakamuua mgeni na kumchukua mkewe. Tarehe 1 Oktoba wakamchukua mwanamke Mfaransa kutoka Manda. Juni 2014 ikaja Mpeketoni, zaidi ya watu 60 waliuawa, kisha amri ya kutotoka usiku. Mji unaoishi kwa wavuvi na harusi za usiku ukafungwa jioni. Halafu 2020 ndege zikasimama kabisa. Kila mara nyumba zilizotengenezwa vizuri zilibaki na mlinzi mmoja na paka, na fundi akarudi kuvua.

Nirudi kwenye harem.

Chumba mteja alichokuwa anakisema ni ndani. Ni cha mwisho, chenye giza kuliko vyote, na ukuta wake wa mbele au wa nyuma una zidaka, safu kwa safu, zimechongwa nyeupe kama sega la nyuki. Ni chumba cha mwanamke mwenye nyumba. Nyuma yake, kwenye nyumba nyingi, kuna choo na chumba kidogo kinachoitwa nyumba ya kati. Huko nyuma ndiko wanawake walikozalia. Huko ndiko maiti ilikooshwa. Linda Donley, mtafiti aliyekaa na wanawake wa Lamu na kuchimba kwenye nyumba zao, aliandika miaka ya 1980 kwamba zidaka hazikuwa pambo tu, zilikuwa kinga: zilikaa kati ya vyumba vya damu na kifo na nyumba nyingine yote. Wasomi wengine wanasema asivutwe sana, kwamba maelezo ya wanawake wa karne ya 20 si lazima yawe ya karne ya 18. Nilimuuliza bibi zidaka ni za nini. Akanitazama kama niliyeuliza kijiko ni cha nini. "Za kuweka vitu."

Lakini hakuna popote nilipokuta kwamba ndani palikuwa mahali pa kufungia wanawake wa bwana. Kinyume chake. Desturi ya waungwana wa Lamu ilikuwa binti akiolewa apewe nyumba, au sehemu ya nyumba, na mume ndiye aliyehamia kwake. Ndiyo sababu ya wikio, vile vyumba vinavyovuka kichochoro juu kama daraja: familia ikiongeza nyumba kwa binti, inaiunganisha juu, wanawake wapitiane bila kutoka njiani. Nyumba ilikuwa yake. Bwana ndiye aliyekuwa mgeni, ukifikiria vizuri.

Na wageni wenyewe, wale wa kweli, walikuwa na chumba chao: sabule. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi kutoka Arabuni au Bara Hindi hakuweza kurudi mpaka kusi ianze kuvuma. Alikaa wiki, miezi. Alihitaji mahali pa kulala, kuweka mali, kupokea watu, bila kukanyaga vyumba vya familia. Kwa hiyo nyumba ya Lamu ilikuwa na malazi ya wageni tangu mwanzo, na ilijua kabisa mgeni anaishia wapi. Lililobadilika ni hilo tu: mgeni wa sasa analipa zaidi kadiri anavyoingia ndani.

Kwenye nyumba ya kazi yangu, ndani ndicho chumba cha bei ya juu. Nyumba ya kati imevunjwa ukuta ili liingie beseni la kuogea, kubwa, la mawe, limechongwa vizuri sana. Fundi alilichonga mwenyewe. Alipokuwa ananionyesha alilipapasa ukingo, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba kwao wangekuwa wameoshea marehemu palepale lilipo. Nikamuuliza kama alimwambia mwenye kazi. "Nimwambie ili iweje? Angefurahi. Angetaka uiandike."

Siku ya 5 nilimleta bibi aione. Lilikuwa wazo la mjomba: akiona nyumba ilivyokuwa safi, atakubali. Alivaa buibui lake, tukaenda polepole, tukipisha punda waliobeba mchanga. Mlangoni alipiga hodi ingawa mlango ulikuwa wazi na ndani hamna mtu ila mafundi. Alipita tekani akageuka upande unaotakiwa bila kutazama, kama mtu anayetembea gizani kwake. Alivitaja vyumba kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti, na vijana wa fundi wakaacha kazi wakawa wanamsikiliza. Wawili kati yao nadhani walikuwa hawayajui yote. Kwenye msana wa yuu aligusa chokaa kwa kiganja.

"Kazi nzuri," alimwambia fundi. "Mikono ya watu."

Kwenye mlango wa ndani alivua viatu. Aliingia peke yake. Nilimwona anatazama zidaka, halafu beseni. Nilijiandaa kwa lolote: machozi, hasira, istighfari. Akauliza:

"Mai yake yanakwenda wapi?"

Fundi akaanza kueleza habari za tangi na bomba. Bibi akarudia swali. Zamani, alisema, choo kilikuwa na birika moja, na ndani ya birika mna samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na mtu alioga kwa kata. Kata 6, ameoga. Maji ya Lamu yanatoka kwenye visima vinavyotegemea matuta ya mchanga ya Shela, mvua inachujwa pale. Kila mtu anajua, na kila mtu anajua visima vinazidi kuwa na chumvi. Beseni lile moja ni kata ngapi? Fundi hakujibu. Vyumba vilikuwa 5.

Njia nzima kurudi hakusema kitu. Nyumbani alikaa kwenye kitanda chake, ndani, chini ya zidaka ambazo sasa zina redio, dawa za presha, Kurani na picha yangu ya siku ya kwanza ya chuo. Nikaona ndio wakati. Nikaanza kumweleza yale niliyotumwa: dari inavuja, ndugu wamekubali, miaka 20 si mingi. Nikasikia sauti yangu inafanana na ya tovuti.

"Miaka 20," akasema. "Mimi nitalala wapi?"

"Mombasa, kwa mama."

"Na nikifa nioshewe wapi?"

Sikuwa na jibu. Nitakuwa muongo nikisema nilikuwa upande wake wakati huo. Sehemu ya kodi ya mwaka wa kwanza ilikuwa imetajwa kwa jina langu. Mjomba alisema ingetosha kunirudisha chuo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu.

Baadaye usiku, umeme umekatika, bibi akasema kama anayeendelea na mazungumzo ambayo hayakukatika: "Wageni nawapenda mimi. Nyumba bila mgeni ni kaburi. Waweke yuu, kwenye sabule na chumba cha pili. Watapita ngazi ya nje. Ndani hapana."

Mjomba alikasirika. Mwekezaji wake hataki nusu nyumba. Nikamwambia vyumba 2 vinaweza kuingia Airbnb bila mwekezaji, kama tutapata pesa za dari. Akaniuliza hizo pesa zitatoka wapi, msomi. Kundi la WhatsApp la familia liliwaka wiki nzima, na wa London akatoka kundini akarudishwa mara 2.

Maneno 300 niliyapeleka. Niliandika mfanyabiashara badala ya sultani, niliandika mawe na nani aliyeyabeba, niliandika nyumba ya binti. Mteja alisema imeandikwa vizuri na akalipa nusu iliyobaki siku ileile, sina la kumlalamikia. Kwenye tovuti yapo maneno 140. Sentensi ya boriti imebaki, na ya kaskazi na kusi. Harem ameiweka mwenyewe. Sikuwa na jina langu pale kwa hiyo hapakuwa na jina la kuondoa.

Ile pesa nilimpa fundi kama rubuni. Alikuja kwa bibi Jumamosi baada ya alasiri na kamba yake ya kupimia, akapanda, akagonga boriti moja moja kwa kisu, anasikiliza. Dari ya ndani ina boriti 19. Saba zimeoza, mbili anazitilia shaka. Anasema tuanze na zile saba kabla ya mvua za masika, na zile mbili tuziwekee nguzo kwa sasa, karibu na kitanda, bibi azoee kuzikwepa usiku.